Kocha Mpya Hapimwi kwa Nyota za Watoto

Mashabiki wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani wana imani moja wanayoirithishana kama dini: ukitaka kujua kama kocha mpya ni wa maana au ni wa hovyo, angalia anasajili nani. Akimpata kijana wa nyota tano ndani ya miezi yake ya kwanza, mambo yamenyooka. Akimkosa, benchi zima la ufundi limefeli hata kabla halijaendesha zoezi moja. Mimi nasema imani hiyo ni ya uongo. Ilikuwa ya uongo zamani, na kwa jinsi kanuni zilivyobadilika, sasa imekuwa kichekesho.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huo, kule chuo hakinunui mchezaji kutoka klabu nyingine. Kocha na wasaidizi wake huzunguka nchi nzima, hukaa kwenye mabenchi ya mashindano ya vijana mwezi wa saba, huingia sebuleni kwa wazazi kumbembeleza kijana wa miaka 16 au 17 achague chuo chao. Kampuni kama 247Sports na Rivals huwapanga vijana hao kwa nyota, na tano ndiyo daraja la juu. Halafu vyuo navyo hupangwa, kwa jumla ya nyota vilizokusanya. Mashabiki huufuatilia msafara huo kwa homa wasiyokuwa nayo hata kwa baadhi ya mechi: nani kaonekana uwanja wa ndege, nani kapiga picha na jezi, mjomba wa nani kasema nini. Yaani ni dirisha la usajili la Simba na Yanga lisilofungwa mwaka mzima.

Hakuna mji unaougua homa hiyo kama Lexington, Kentucky. Chuo kikuu cha huko kina makombe 8 ya taifa, na uwanja wake, Rupp Arena, unaingiza zaidi ya watu 20,000. Watu wetu nao wapo: familia za Wakongo waliohamia Lexington zimeifanya lugha ya Kiswahili isikike kwenye shule nyingi za mji ule, na watoto wao huvaa jezi ya bluu kama watoto wengine.

Kocha John Calipari alipofika hapo mwaka 2009 akitokea chuo cha Memphis, imani ile ilipata mtume. Darasa lake la kwanza la usajili lilikuwa na John Wall, DeMarcus Cousins na Eric Bledsoe. Timu ikashinda mechi 35 na kupoteza 3, na mwaka 2010 wachezaji watano wa chuo hicho kimoja wakachaguliwa katika raundi ya kwanza ya drafti ya NBA, yaani zamu ya timu za ligi ya kulipwa kuchagua wachezaji wapya. Mwaka 2012 Anthony Davis akaleta kombe. Tangu hapo ukimwambia mtu wa Lexington kwamba nyota si kombe, anakuangalia kama mgeni.

Sasa angalia kilichofuata. Calipari alikaa misimu 15, na karibu kila mwaka alikuwa juu kabisa kwenye orodha za usajili. Kombe lilibaki moja lilelile. Baada ya 2015 hakufika tena nusu fainali ya mashindano ya taifa. Machi 2022 alitolewa raundi ya kwanza na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City.

Na bado mwaka 2023 mji ukasherehekea upya, maana darasa lilikuwa namba moja nchini: D.J. Wagner, Justin Edwards, Aaron Bradshaw, Rob Dillingham, na Reed Sheppard, mtoto wa Jeff Sheppard aliyewahi kuchukua kombe na Kentucky miaka ya 1990. Kati ya hao watano, Sheppard ndiye aliyekuwa chini kabisa kwenye orodha. Machi 2024, kwenye mashindano ya taifa mjini Pittsburgh, wakakutana na Oakland, chuo cha Michigan. Oakland ilikuwa na Jack Gohlke, mtu mzima aliyetokea Hillsdale, chuo cha daraja la pili, ambaye karibu kila mpira aliourusha msimu ule aliurusha kutoka nje ya mstari wa pointi 3. Usiku ule alifunga 10 za namna hiyo, jumla pointi 32, na Oakland ikashinda 80-76. Hadithi haikuishia hapo. Mwezi wa sita ikaja drafti: Sheppard akachaguliwa wa tatu, Dillingham wa nane, Edwards jina lake halikuitwa kabisa. Wagner na Bradshaw walikuwa wameshahamia vyuo vingine. Orodha iliyowafanya watu wazima wasilale kiangazi kizima iligeuka miguu juu ndani ya miezi 12, na sijamsikia aliyeipanga akiomba radhi.

Aprili 2024 Calipari akahamia Arkansas. Mashabiki wakamtaka kocha Dan Hurley, wakamtaka kocha Scott Drew, wakaletewa Mark Pope wa chuo cha BYU. Pope alikuwa nahodha wa kikosi cha Kentucky kilichochukua kombe mwaka 1996, lakini akiwa kocha alikuwa hajashinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa. Siku ya kwanza ilikuwa kama matanga. Siku chache baadaye Rupp Arena ikajaa watu waliokuja kumsikiliza tu, kwa sababu mapenzi ya chuo hayana adabu, lakini swali lilibaki lilelile: huyu atawapata watoto wa nyota tano?

Alikuta kabati tupu. Wachezaji wote wenye ufadhili wa masomo walikuwa wameondoka, kila mmoja kwa njia yake. Akalijaza hasa kwa watu wazima kutoka vyuo vingine: Lamont Butler wa San Diego State, Andrew Carr wa Wake Forest, Koby Brea wa Dayton, Otega Oweh wa Oklahoma, Amari Williams, Mwingereza aliyekuwa akicheza Drexel. Novemba 12, 2024, mjini Atlanta, watu hao wakaifunga timu ya chuo cha Duke 77-72. Duke ile ilikuwa na Cooper Flagg, kijana namba moja nchini, na katika sekunde za mwisho ni Oweh aliyempokonya Flagg mpira. Machi, Kentucky ikafika 16 bora kwa mara ya kwanza tangu 2019. Huko ikalala kwa Tennessee 78-65, na ilistahili kulala. Lakini benchi jipya, kwa wachezaji waliokusanywa ndani ya majuma machache, lilikuwa limefika mahali ambapo misimu minne ya nyota iliyotangulia haikufika.

Tatizo la nyota ni kwamba hazipimi kile shabiki anachodhani zinapima. Anayezigawa anajiuliza kijana huyu atakuwa mchezaji wa namna gani akishakomaa, tena kwenye NBA. Kocha wa chuo anahitaji mtu wa kumshindia mechi Jumamosi ijayo, ugenini, mbele ya watu 15,000 wanaomzomea. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Zaidi ya hapo, orodha hizo zinajilisha zenyewe: kijana akisikika kwamba Duke au Kentucky wanamtaka, bei yake hupanda kwenye orodha, halafu shabiki wa Kentucky anaitazama orodha na kusema, "Unaona? Tumepata mtu wa juu." Amewekwa juu kwa sababu ninyi mlimtaka!

Chukua Aprili 2025, nusu fainali San Antonio. Duke ilikuwa na wachezaji watatu wa mwaka wa kwanza ambao miezi michache baadaye wote wangechaguliwa ndani ya nafasi kumi za kwanza za drafti: Flagg wa kwanza, Kon Knueppel wa nne, na wa kumi Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala. Wapinzani wao, chuo cha Houston, hawakuwa na mtu wa namna hiyo. Houston ilishinda 70-67. Mitupo miwili ya adhabu iliyoigeuza mechi ilitupwa na J'Wan Roberts, aliyejiunga na Houston mwaka 2019, wakati Flagg akiwa na miaka 12. Msimu huohuo timu ya chuo cha Rutgers ilikuwa na Dylan Harper na Ace Bailey, waliokuja kuchaguliwa wa pili na wa tano. Wawili katika watano bora wa nchi nzima, jezi moja. Rutgers ilishinda mechi 15, ikapoteza 17, na mashindano ya taifa iliyatazama kwenye televisheni.

Najua nitaletewa Kentucky ya 2012 na Duke ya 2015, zilizotwaa kombe kwa watoto wa nyota. Nazikubali zote mbili. Ila hata katika fainali ya 2012, anayefahamika zaidi ni Davis, lakini aliyefunga pointi nyingi ni Doron Lamb, pointi 22, akiwa mwaka wa pili. Na pembeni yao alikuwapo Darius Miller wa mwaka wa nne. Duke nayo ilikuwa na Quinn Cook, mkongwe. Vipaji vinahitajika, sijasema vinginevyo, na kocha anayekusanya wachezaji dhaifu atafukuzwa. Ninachokataa ni kwamba mimi na wewe, kwa kutazama dakika sita za video ya madanki, tunaweza kukijua kipaji hicho tangu Juni na kumhukumu kocha kwacho.

Sisi Watanzania tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wengi. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyetamba chuo cha UConn, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, na nchi nzima ilisimama kwa fahari. Mtanzania wa kwanza kufika huko, na heshima hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry. Timu zenye mamilioni ya dola, maskauti na madaktari, zilizowatazama wachezaji hao kwa misimu kadhaa ya chuo, zilipanga hivyo. Curry huyohuyo, akiwa sekondari, hakupewa ufadhili na Virginia Tech, chuo alichosoma baba yake, akaenda Davidson. Kama wenye kazi yao wanakosea kwa umbali huo, shabiki anayebishana kuhusu mtoto wa miaka 16 ambaye hajamwona akicheza hata mara moja anabishana kuhusu nini?

Halafu kuna kalenda, ambayo imeivunja imani hii vipandevipande na watu hawataki kuona. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima. Julai mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote ikijumlishwa. Kwa hiyo kila msimu ukiisha soko linafunguliwa na kikosi kinajengwa upya kwa pesa taslimu. Kijana aliyeshangiliwa Novemba anaweza kuwa amevaa jezi nyingine miezi 18 baadaye. Travis Perry, mfungaji bora wa muda wote wa sekondari za jimbo la Kentucky, mtoto wa nyumbani ambaye kila mtu alitaka aichezee Kentucky, alicheza msimu mmoja chini ya Pope, kisha akaenda Ole Miss. Wala hakuvunja ahadi ya mtu. Alikuwa anatafuta dakika za kucheza, kama mfanyakazi yeyote anavyotafuta kazi bora.

Kuna jambo jingine linaloniudhi, na hili halina uhusiano na kushinda wala kushindwa. Kijana wa miaka 17 akichagua chuo kingine, watu wenye mvi na mikopo ya nyumba humwandikia matusi. Anaitwa msaliti na watu ambao hajawahi kukutana nao, kwa kosa la kuchagua mahali pa kusoma. Wanaofanya hivyo hujiita mashabiki wa kweli. Hao ni watu wazima wanaomnyanyasa mtoto, na chuo chenye heshima kingewaambia hivyo hadharani.

Kocha mpya apimwe kwa yale ambayo yeye na wasaidizi wake wanayafanya kwa mikono yao. Je, mchezaji aliyekuja Oktoba akiwa hajui kulinda, Februari analinda? Wanaokaa benchi wanabaki msimu ukiisha, au wanakimbia wote? Timu ikiwa nyuma kwa pointi 8 zikiwa zimebaki dakika 4, inajua inataka nini, au kila mtu anajirushia? Maswali hayo hayajibiki mwezi wa saba, na ndiyo maana hayapendwi.

Mfano ni chuo cha Florida, kilichomwajiri kocha Todd Golden mwaka 2022, akitokea chuo cha San Francisco. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 16 na kupoteza 17. Aprili 7, 2025, katika msimu wake wa tatu, Florida iliifunga Houston 65-63 na kutwaa kombe la taifa. Aliyeifungia Florida pointi nyingi kuliko wenzake usiku ule, pointi 18, ni Will Richard, ambaye Golden alimchukua kutoka chuo cha Belmont katika mwaka wake wa kwanza kazini. Hakuwa na nyota tano.