Asiyejipima Hupimwa

Ipo kauli inayosikika mara kwa mara katika ofisi, katika semina na hata katika vikao vya kupanga bajeti. Husemwa kwa sauti ya upole, kana kwamba ni huruma kwa wanyonge. Kauli hiyo ni kwamba utafiti wa maabara ni anasa. Inadaiwa kwamba nchi yenye vijiji visivyo na maji safi, na zahanati zenye upungufu wa dawa, haina haki ya kutumia fedha kuhesabu mionzi iliyomo katika udongo, kuchunguza kemia ya mkaa wa mifupa, au kusoma vinasaba vya bakteria. Mambo hayo, wanasema wenye kauli hiyo, waachiwe mataifa makubwa. Sampuli zikihitajika zitapelekwa Ulaya, na majibu yatarudi baadaye.

Kauli hiyo ni ya hatari kuliko matusi ya adui, kwani adui hujulikana, lakini kasumba huvaa nguo za ndugu. Hapana budi ijibiwe waziwazi. Maabara si anasa. Ni chombo cha kujitawala, kama ilivyo shule na kama lilivyo jembe. Taifa lisiloweza kupima ardhi yake, maji yake na maradhi yake litapimiwa na wengine. Na anayepima ndiye anayeamua bei, ndiye anayeamua hatari, na ndiye anayeamua nani aponywe kwanza.

Mkoloni alilijua hilo mapema. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara. Hawakukijenga kwa kupenda elimu tupu. Walikijenga ili mashamba ya walowezi yazae. Mwaka 1906 daktari wao mashuhuri, Robert Koch, alifika katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kutafuta tiba ya malale. Wagonjwa walidungwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki, na kiasi kikaongezwa, hata baadhi yao wakapofuka. Katika utafiti ule Mwafrika alikuwapo, lakini alikuwapo kama sampuli. Kalamu na daftari vilikuwa mikononi mwa mwingine.

Mfano wa pili uko Katanga, nchi ya Kongo, ambako wachimbaji wengi huzungumza Kiswahili. Mwaka 1915 iligunduliwa urani katika eneo la Shinkolobwe. Mawe hayo yalichimbwa kwa jasho la Wakongo, yakasafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako kuanzia mwaka 1922 kiwanda cha kampuni ya Union Minière kilitoa radiamu iliyouzwa ulimwenguni kwa bei ya ajabu. Baadaye urani ya mgodi huohuo ilipelekwa Marekani na kuingia katika mpango uliotengeneza bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti, 1945. Mchimbaji wa Shinkolobwe hakuambiwa anachimba nini, wala mwili wake umepokea mionzi kiasi gani. Nani angemwambia, ikiwa chombo cha kupimia kilikuwa mali ya mwajiri wake?

Mfano wa tatu unatoka Gabon. Mwaka 1972, katika maabara ya Pierrelatte nchini Ufaransa, wataalamu waliona kasoro ndogo mno. Katika urani ya kawaida, aina iitwayo urani 235 huwa asilimia 0.720. Katika urani iliyotoka Gabon walikuta asilimia 0.717. Tofauti hiyo, ambayo jicho la mzembe lingeiruka, ilifichua jambo kubwa: kiasi cha miaka bilioni 2 iliyopita, chini ya ardhi ya Oklo, maumbile yenyewe yaliwasha tanuri la nyuklia lililowaka bila mkono wa mwanadamu. Mwamba ulikuwa wa Gabon. Ugunduzi uliandikwa Ufaransa. Sababu haikuwa akili ya watu wa Gabon, la hasha. Sababu ilikuwa kwamba mizani ilikuwa Pierrelatte.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maabara ndiyo daftari la mali iliyo chini ya ardhi. Watanzania walionja ukweli huo mwaka 2017, makontena 277 ya makinikia yalipozuiwa na kamati ya wataalamu ikaundwa ili kupima kilichokuwamo. Kampuni ilizikataa hesabu za kamati, na ubishi ukawa mkubwa. Mwisho wake ulikuwa mapatano yaliyotiwa saini Januari 2020, ambapo kampuni ya Barrick ilikubali kulipa dola milioni 300, na Serikali ikapata hisa za asilimia 16 katika Twiga. Lakini somo lenyewe halipaswi kusahauliwa: ubishi ule ulihusu kipimo. Nchi inayopima kila kontena kwa maabara yake, kila siku na mbele ya mashahidi, haisubiri miaka ipite ndipo iulize mchangani kulikuwa na nini.

Leo swali hilohilo limehamia Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili kupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju, na Julai 2025 ulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kusindika madini hayo. Urani ni mali, na hakuna mzalendo atakayetaka mali hiyo ilale ardhini milele huku Taifa likikopa. Lakini urani si dhahabu wala makaa ya mawe. Inapokwisha kutolewa katika mwamba, takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwamo hubaki katika makapi. Humo hubaki thoriamu 230, ambayo nusu yake tu huisha kwa miaka 75,000, na radiamu 226, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 1,600. Radiamu nayo huzaa redoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mwekezaji atakuja na atakwenda. Makapi yatabaki, na mito ya eneo lile humwaga maji yake katika bonde la Rufiji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya uchimbaji mkubwa ni kupima. Udongo upimwe, maji ya visima yapimwe, mihogo, samaki na maziwa vipimwe, na hesabu hizo ziwekwe rasmi kabla ya shehena ya kwanza kuondoka. Pasipo hesabu ya awali, mwanakijiji atakayelalamika baadaye ataambiwa kwamba mionzi hiyo ilikuwapo tangu enzi za babu yake, naye hatakuwa na karatasi ya kukanusha. Je, kipimo hicho aachiwe mwenye mgodi? Hakuna mwenye akili timamu anayemwachia mnunuzi wa korosho mizani pasipo mtu wa ushirika kusimama kando.

Tanzania haianzi sifuri katika jambo hili. Sheria ya kinga dhidi ya mionzi ilitungwa mwaka 1983, na ile ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki. Wataalamu Watanzania wamekwisha kupima mionzi katika machimbo ya fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, na kuchapisha matokeo yao. Uwezo upo. Kinachotakiwa ni kuulisha uwezo huo. Sampuli ya udongo hufungwa katika chombo kisichopitisha hewa kwa muda wa wiki nne hivi, ili redoni na vizalia vyake vilingane na radiamu, ndipo ihesabiwe. Vipo vyombo vya kuhesabia ambavyo havifanyi kazi bila kupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Naitrojeni ikikosekana kwa sababu hati ya malipo imelala mezani kwa mtu, chombo cha mamilioni hugeuka kabati.

Wenye kauli ya anasa watasema urani ni jambo la pekee. Basi na waende Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Huko maji hupita katika miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na wapo waliopinda mifupa. Viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 za floraidi katika lita moja ya maji ya vijijini, ilhali Shirika la Afya Duniani hupendekeza zisizidi 1.5. Kiwango hicho hakikulegezwa kwa sababu mifupa ya Mtanzania ni migumu kuliko ya Mzungu. Kililegezwa kwa sababu hapakuwa na njia nafuu ya kuiondoa floraidi hiyo. Baadaye kiwango cha Taifa kilishushwa hadi 1.5, lakini kiwango kilichoandikwa katika karatasi hakichuji maji.

Kinachochuja ni kazi ya maabara. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto wataalamu wamefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ndani ya mfupa mna madini ya kalisi na fosfeti yenye tabia ya kunasa floraidi. Mfupa huchomwa katika tanuri lenye hewa haba. Moto ukiwa mdogo, mafuta husalia na maji hunuka. Moto ukizidi, mkaa hupoteza nguvu ya kunasa. Kujua mahali pa kusimama kati ya moto huo na huo ndiyo kemia. Na mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga, wa taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, kwa chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizotengenezwa maabara, na linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Je, hiyo ni anasa? Aulizwe mama wa Meru anayemwona mwanawe akiziba mdomo anapocheka.

Yabaki maradhi. Kuanzia mwaka 1977 Tanzania, pamoja na Dkt. Karel Styblo, ilijenga mpango wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Nguzo yake ilikuwa darubini wilayani, makohozi yanayopimwa kwa uaminifu, na daftari linaloonyesha nani amepona na nani ameacha dawa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitangaza utaratibu uliotokana na kazi hiyo kuwa mfano kwa nchi nyingine. Nchi iliyoitwa maskini iliufundisha ulimwengu, na chombo chake kilikuwa darubini.

Lakini adui naye hasimami. Bakteria wa kifua kikuu amejifunza kuzishinda dawa. Vinasaba vyake, vyenye herufi zipatazo milioni 4.4, vilisomwa vyote mwaka 1998, na ikajulikana kwamba usugu dhidi ya rifampisini hutokana zaidi na mabadiliko katika kipande kimoja chenye herufi 81 tu. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hukisoma kipande hicho kwa saa mbili hivi, ambapo kuotesha bakteria huchukua wiki kadhaa. Hiyo ni neema. Lakini kila kipimo kinahitaji katriji yake, na katriji hizo hutoka ng'ambo, nyingi kwa fedha za wafadhili. Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na programu za afya katika nchi nyingi zikatikisika kwa kalamu moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na katika kifua kikuu neno kufa si la methali.

Itasemwa kwamba fedha hazipo. Azimio la Arusha lilikwisha kulijibu hilo mwaka 1967 lilipokataa fikra kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo. Nchi za Afrika nazo, katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, zilikubaliana kuelekea kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika hapo. Zaidi ya hayo, fedha zilizopo hazitumiki vema siku zote. Wapo viongozi wanaopenda kukata utepe wa maabara lakini hawapendi kununua vitendanishi. Wapo wataalamu wanaoandika ripoti kwa lugha ya kigeni ili wapandishwe vyeo, huku kijiji kilichotoa udongo na makohozi hakijaambiwa lolote. Hao nao ni ndugu wa kasumba ileile.

Yanayotakiwa yanajulikana. Bajeti ya kila maabara iwe na fungu la vitendanishi na matengenezo lisiloguswa kwa safari wala semina. Mafundi sanifu wa maabara wafundishwe na watunzwe, kwani mashine bila fundi ni chuma. Kipimo cha mionzi katika maeneo ya urani kifanywe na Taifa lenyewe, kabla ya uchimbaji, wakati wa uchimbaji na baada yake. Na matokeo yote yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, mkulima aulize na mtaalamu ajibu.

Uhuru wa bendera ulipatikana mwaka 1961. Uhuru wa kujua kilichomo katika udongo, katika kisima na katika kifua cha mgonjwa haupatikani kwa sherehe. Unapatikana kwa mtu aliyevaa koti jeupe, mwenye chombo kizima, naitrojeni ya kutosha, na mshahara unaofika kwa wakati. Taifa linaloona huyo ni anasa lisishangae siku litakapouziwa habari za ardhi yake lenyewe.