Akili mnemba ipewe jembe, mhandisi abaki na shamba

Mkulima anayenunua pampu ya sola, au mfanyabiashara anayeuza simu Kariakoo, hana kawaida ya kujiuliza nani alibuni chipu iliyomo ndani. Sasa ni wakati wa kujiuliza, kwani kazi hiyo imeanza kugawanywa kati ya mtu na mashine.

Juni 2021, watafiti wa kampuni ya Google ya Marekani walieleza katika jarida la Nature kuwa akili mnemba iliweza kupanga sehemu za chipu kwa muda usiofika saa 6, kazi inayoweza kuwachukua wahandisi miezi. Madai hayo yalizua ubishi, na mwaka 2023 wataalamu wengine walihoji kama kweli njia hiyo inazishinda programu zilizokuwapo. Hata hivyo, safari haikurudi nyuma. Synopsys, moja ya kampuni kubwa zinazouza programu za kubuni chipu, ilianza kuuza programu ya akili mnemba kwa kazi hiyo mwaka 2020. Mwaka 2023 Nvidia nayo ilieleza jinsi ilivyoifundisha mashine kujibu maswali ya wahandisi wake na kufupisha taarifa za hitilafu.

Wapo wanaosema huo ndio mwisho wa wahandisi. Hoja hiyo haina uzito. Chipu ikishatoka kiwandani haisahihishwi kirahisi kama maandishi ya kompyuta. Kosa moja laweza kulazimisha kazi irudiwe kwa gharama kubwa. Ndiyo maana kazi ya mhandisi inahama kutoka kuchora kwenda kupima, kuhakiki na kukataa pale mashine inapokosea.

Tatizo la kweli liko kwa vijana. Mhandisi mzoefu alipata uzoefu kwa kufanya kazi ndogo ndogo, na hizo ndizo mashine inazozichukua kwanza. Asiyewahi kuchora saketi mwenyewe, akaiunguza na kuianza upya, atalitambuaje kosa la mashine?

Faida zipo. Programu ya Nuru, inayotumika Afrika Mashariki, hukagua jani la muhogo kwa kamera ya simu na kutambua batobato na michirizi ya kahawia hata pasipo intaneti. Isingewezekana bila chipu zenye nguvu ndani ya simu za kawaida.

Lakini mashine inayochora kidhibiti cha pampu haijawahi kuona vumbi la kiangazi, wala maji ya mvua yanayopenya kwenye boksi. Kifaa kikiungua nyanya zikiwa na maua, hasara ni ya mkulima, na mashine haitailipa.

Kwa hiyo vyuo vya ufundi, vikiwamo vya VETA, havina budi kumruhusu mwanafunzi kutumia akili mnemba, ila kwanza ashike mita na kupima kwa mkono wake. Mfanyabiashara adai waranti na vipuri kabla ya kuagiza mzigo. Mkulima naye aulize kifaa kilijaribiwa wapi, na nani atakitengeneza kikiharibika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akili mnemba ipewe jembe ilime, lakini shamba libaki na mwenyewe.