Si Kila Cheupe ni Chumvi

Nataka kutoa maoni yangu juu ya kemikali tunazozitumia maabara na nyumbani. Wengi wetu jambo hili twalifanyia mzaha. Na kwa kuwa mwenye kuonya wenzake yampasa aanze na kosa lake mwenyewe, nitaanza na langu.

Nilipokuwa kidato cha pili, jioni moja maharage yetu yalikuja hayana chumvi. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa na zamu ya kufagia maabara, na rafuni tulikuwa tumeiona chupa ya kloridi ya sodiamu. Tulikwisha fundishwa kwamba hiyo ndiyo chumvi. Basi tukachota vijiko viwili katika karatasi, tukala, tukajisifu kwamba kweli elimu ina faida. Hakuna aliyeugua.

Mwaka uliofuata, tulipoanza majaribio ya kutambua chumvi mbalimbali, mwalimu alituonyesha chupa ya kloridi ya bariamu. Ilikuwa nyeupe vile vile, punje zake vile vile, na mahali pake palikuwa kando ya ile chupa yetu. Mwalimu akasema kwamba kijiko kimoja tu cha chai cha kemikali hiyo chaweza kumuua mtu mzima, kwa kulegeza misuli na kuvuruga mapigo ya moyo. Mwili ulinisisimka. Wenzangu wawili walitazama chini, nami nikafanya hivyo hivyo. Hatukumwambia mwalimu siku ile; leo namwambia hapa, na namwomba radhi.

Pengine msomaji atasema, "Mradi mlichota ile iliyo chumvi kweli, kosa li wapi?" Kosa li katika daraja. Sisi watu wa Korogwe twajua kwamba mkonge hupangwa kwa madaraja kabla ya kuuzwa, na kwamba mkonge wa daraja la kwanza na ule wa chini si mali moja, ingawa umetoka shamba moja. Kemikali nazo ni hivyo hivyo. Kuna daraja la uchambuzi, kuna la maabara, la dawa za hospitali, la chakula, na la kiwanda. Kemikali ya daraja la kiwanda yaweza kuwa na mabaki ya risasi au aseniki, ambayo hayaizuii kazi yake kiwandani, lakini yamdhuru mtu akiyala. La ajabu ni kwamba hata chumvi ya uchambuzi, iliyo safi kupita zote, haifai chunguni. Haina madini joto yanayotukinga na rovu, na tena chupa yake huenda imetiwa vijiko vilivyotoka katika chupa nyingine zenye sumu.

Asidi ya salfa ni mfano mwingine. Ile inayotiwa katika betri za magari ni asidi kama theluthi moja tu kwa uzito, na iliyobaki ni maji. Ile kali ya maabara ni asidi sehemu 98 katika 100. Jina ni moja, lakini anayeizoea ya betri na kuidharau ya maabara atakuja kujuta. Ukitaka kuizimua, mimina asidi katika maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Ukimimina maji katika asidi, joto huwa kali hata asidi ikachemka na kukurukia usoni.

Sasa tutoke maabara twende nyumbani. Hapa Makuyuni mtu akisema "soda" aweza kuwa na maana nne. Kuna soda ya kunywa. Kuna soda ya unga ya kuumulia maandazi. Kuna magadi soda, ambayo ni kaboneti ya sodiamu. Na kuna kostiki soda, yaani haidroksidi ya sodiamu, ambayo kina mama wanaopika sabuni huinunua kwa kilo. Ya kwanza na ya pili huliwa. Magadi ya ziwani wengi huyatia katika makande na maharage ili yaive upesi, lakini yafaa tujue kwamba magadi hayo yaweza kuwa na floridi nyingi, na floridi ikizidi huharibu meno na mifupa ya watoto. Na kostiki huunguza nyama ya mwili mpaka ndani. Hata sufuria zetu za alumini huliwa nayo, na hutoka gesi inayoshika moto. Kwa hiyo ikorogwe katika ndoo imara ya plastiki, na kama ilivyo kwa asidi, yenyewe ndiyo itiwe katika maji.

Likizo iliyopita mtu mmoja jirani alibakiza maji ya kostiki, akayahifadhi katika chupa ya soda na kuiweka kibarazani. Mdogo wangu wa miaka minne aliiona. Alikwisha kuiinua kinywani wakati mama alipompokonya. Mtoto alilia kwa kunyimwa soda yake, na mama alilia kwa sababu nyingine. Tangu siku ile sitaki kuona kemikali yoyote katika chupa ya kinywaji, wala mafuta ya taa, wala dawa ya kufulia.

Na sisi wa bweni tusijione tu salama. Siku ya usafi, wako wanaochanganya dawa ya kung'arishia nguo na dawa ya choo yenye asidi, wakidhani mbili zitashinda moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Nchi yetu ina sheria ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani tangu mwaka 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye mwenye kuisimamia. Lakini sheria haiwezi kukaa kila rafuni. Kwa hiyo natoa mashauri matatu.

Kwanza, kila chupa ya maabara yetu iwe na kibandiko chenye jina, daraja na hatari yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kemia. Mbona wazee wetu waliita mrututu, shabu, chokaa, magadi, tindikali na chumvi ya haluli kabla sisi hatujafungua daftari? Pale neno linapokosekana, picha itasema: zile alama za pembe nne zenye ukingo mwekundu, kama vile fuvu la kichwa au mkono unaoliwa na asidi, hufahamika hata kwa asiyesoma.

Pili, sisi wa kidato cha nne tuviandike vibandiko hivyo kabla ya kuondoka, na kila likizo kila mmoja abandike vya nyumbani kwao.

Tatu, kila mwanafunzi afundishwe la kufanya ajali ikitokea. Kemikali ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Aliyemeza kostiki au asidi asitapishwe, kwani itamuunguza mara ya pili ikirudi. Wala asipewe ndimu. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali upesi, na chupa yenyewe ichukuliwe ili daktari ajue alichomeza.

Wazazi wetu wametuleta hapa ili tujue wasiyoyajua. Itakuwa aibu tukirudi na cheti cha kemia, na kule nyumbani kostiki bado imo katika chupa ya soda. Tahadhari kabla ya hatari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne