Kumbukumbu za Mchezo wa Kwanza Mtandaoni



Juma hili tunazungumzia jambo ambalo wazazi hulitaja kwa kunung'unika, nalo ni michezo ya kompyuta. Hatukusudii kuirudia ile khutba ya kila siku kwamba michezo hii inapoteza muda. Hilo kila mama analijua, na kila kijana amekwisha kulisikia hata masikio yamemziba. Tunachotaka kukitazama ni kitu kingine. Kuna watu waliokuwa vijana miaka ishirini na mitano iliyopita huko Marekani na Ulaya, ambao leo ni mama na baba wa watu. Wanapokaa wakasimulia mchezo wao wa kwanza wa mtandaoni, husimulia kama mtu anayesimulia mtaa aliozaliwa. Hutaja njia, mito, masoko na majirani, na wengine hulengwalengwa na machozi. Mwenye kufikiri hana budi kujiuliza ni kitu gani hasa kilichokuwamo humo.

Tunayoizungumzia si michezo ya mpira wala ya mashindano ya magari, inayochezwa robo saa ikaisha. Ni michezo ambayo ndani yake mna dunia nzima yenye miji, misitu, bahari na mazimwi. Kila anayeingia hujichagulia mhusika wake, akampa jina, sura na kazi: huyu mpiga upanga, yule mganga, mwingine mhunzi. Maelfu ya watu huwamo kwa wakati mmoja, kila mmoja amekaa nyumbani kwake, huyu Texas na yule Oslo, na wote wanaonana na kusemezana kwa maandishi. Wala dunia ile haisimami. Mchezaji akizima kompyuta akaenda kulala, wenziwe wanaendelea, na bei za sokoni zinapanda na kushuka bila yeye.

Asili yake ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kutengeneza mchezo wa namna hii usiokuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu, mtu akisoma yuko wapi na akiandika aendako. Lakini uliowafungulia mlango watu wengi ni Ultima Online, uliotoka Septemba 1997 chini ya Richard Garriott wa Austin, Texas. Watengenezaji walijaza wanyama katika misitu yake, wakapanga mla nyama amle mla majani na idadi ijisawazishe yenyewe kama katika maumbile. Wachezaji walipofunguliwa mlango waliwaua wanyama kwa kasi kuliko walivyoweza kuongezeka, na mpango ule ukaachwa. Garriott mwenyewe alikuwamo mchezoni akiwa mfalme, kwa jina la Lord British, naye hakupasa kufa. Mwezi Agosti 1997, mchezo ukiwa bado katika majaribio, mchezaji mmoja alimwashia moto mbele ya umati, na mfalme akaanguka akafa, kwani kinga yake haikuwa imewashwa. Wachezaji wa zama hizo hulisimulia tukio hilo hadi leo, kama wazee wetu wanavyosimulia siku meli fulani ilipopanda mwamba.

Mchezo unaosimuliwa kwa hisia zaidi kuliko huo, kwa tulivyoona sisi, ni EverQuest, uliotoka Machi 1999. Humo kifo kilikuwa na uchungu. Mhusika akiuawa alizinduka mahali pa mbali akiwa hana kitu, na mali yake yote imebaki juu ya maiti yake pale alipoanguka. Ilimpasa airudie, pengine gizani, ndani ya pango lenye mazimwi yaleyale yaliyomwua. Peke yake hakuweza. Alilazimika kuomba msaada kwa watu asiowajua, naye hana cha kuwalipa. Ajabu ni kwamba walikuja. Mtu wa nchi nyingine aliacha shughuli zake, akatembea mwendo mrefu, akaingia hatarini kwa ajili ya maiti ya mgeni. Wasikilize wachezaji wa zamani: safari hizo za kufuata maiti ndizo wanazozisimulia, kuliko ushindi walioupata.

Hata kusafiri kulikuwa kazi. Kutoka bara moja hadi jingine mtu alingoja chombo gatini, na chombo kilikuja kwa saa zake. Waliokikosa walikaa wakapiga soga, na urafiki mwingi ulianzia pale, katika kungoja. Biashara nayo haikupangiwa mahali maalumu. Wachezaji wenyewe walilichagua handaki moja katika nyika iitwayo East Commonlands wakaligeuza soko, kila mwenye upanga au kanzu ya kuuza akinadi kwa maandishi, wengine wakipunja na wengine wakiteta bei. Aliyewahi kupita Marikiti ya Mombasa asubuhi anaijua hali hiyo. Baadaye kampuni iliongeza soko la kisasa, ambamo mnunuzi hutafuta kitu katika orodha akanunua bila ya kusemezana na yeyote. Handaki likahamwa. Ilikuwa nafuu kubwa, na wengi wanaijutia.

RuneScape ndio mchezo wa kwanza wa kizazi kilichofuata. Ndugu wa ukoo wa Gower, huko Uingereza, waliutoa Januari 2001, nao ulichezwa ndani ya kivinjari cha kawaida bila malipo, kwa hiyo uliwafikia watoto ambao wazazi wao hawakuwa tayari kutoa hata senti kwa mambo hayo. Watoto walikata magogo, wakavua samaki, wakapika, wakauza. Humo ndimo wengi wao walimojifunza kuandika haraka kwa vidole vyote, na humo ndimo walimotapeliwa kwa mara ya kwanza maishani. Hila iliyojulikana sana ilikuwa ya mtu kumwambia mtoto, "Nipe deraya yako nikupambie dhahabu, bure." Mtoto akampa, jamaa akatoweka. Kuna watu wazima wenye vyeo maofisini wanaokumbuka hadi leo walikuwa wamesimama wapi siku ile. Sisi tunaona mtoto akipoteza deraya ya kuchora akiwa na miaka kumi amesoma somo kwa bei nafuu, kuliko anayelisoma somo hilohilo kwa shilingi za simu akiwa na miaka thelathini.

Kampuni iliendelea kuubadilisha mchezo huo mwaka hadi mwaka, hata wenyewe wakawa hawautambui. Malalamiko yakazidi. Mwanzoni mwa 2013 ilipigwa kura, zaidi ya watu laki nne wakashiriki, na mchezo ukafufuliwa kama ulivyokuwa Agosti 2007, kutoka nakala iliyokuwa imehifadhiwa. Watu wakarudi. Walikuta miti ni ileile na madaraja ni yaleyale, bali marafiki waliokata nao magogo wengi hawakuwapo.

Kwetu pwani kumbukumbu za aina hii ni haba, na sababu yake ni nyaya. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kujikokota. Haikumfaa mtu anayetaka kupigana na joka pamoja na wenziwe walioko Ulaya. Vijana wetu wengi waliingia mtandaoni baadaye, kwa simu ya mkononi, na mchezo wao wa kwanza aghalabu ni wa kufyatuliana risasi kwa makundi, unaokwisha baada ya dakika chache. Humo hamna gati la kungoja chombo.

Tukirudi kwa michezo mikubwa, mkubwa kuliko yote ulikuwa World of Warcraft, uliotoka Novemba 2004 na ambao kufikia 2010 ulikuwa na wachezaji wa kulipia milioni 12. Hapa pana jambo ambalo kina mama wakilielewa litawapunguzia ugomvi nyumbani. Mapambano makubwa ya mchezo huo katika miaka yake ya mwanzo yalihitaji watu arobaini kwa pamoja, kila mmoja na kazi yake, na yaliendelea saa kadhaa. Hayasimamishwi kama mtu asimamishavyo filamu. Mganga wa kundi akiondoka ghafla, wenziwe wanauawa, na kesho hapewi nafasi. Kwa hiyo mama anapoita, "Njoo ule!" na kijana akajibu, "Dakika moja, mama," pengine si ukaidi. Ana watu thelathini na tisa mgongoni. Dawa yake ni kukubaliana mapema: kikao kinaanza saa ngapi na kinakwisha saa ngapi, na kisiingiliane na chakula, masomo wala swala. Wakati wa Magharibi unajulikana tangu asubuhi. Anayepanga pambano juu ya wakati huo amepanga mwenyewe, wala asiseme ameshtukizwa.

Madhara yake nayo hatuyafichi. Wachezaji wenyewe waliupachika mchezo wa EverQuest jina la kejeli linalotokana na dawa ya kulevya, na walijua walichokuwa wakikisema. Wapo waliofukuzwa vyuoni na waliovunja ndoa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha uraibu wa michezo ya kompyuta uingizwe katika orodha ya maradhi. China, tangu Septemba 2021, imewaruhusu walio chini ya miaka 18 saa tatu tu kwa juma. Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2011 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha ikaifuta baada ya takriban miaka kumi na kuwaachia wazazi jukumu hilo. Kwa maoni yetu jukumu hilo lilikuwa la wazazi tangu mwanzo. Lakini mzazi hawezi kulichukua ikiwa hajui mwanawe anafanya nini humo, na anafanya pamoja na nani.

Hapo ndipo tunapoikumbuka habari ya Mats Steen wa Norway, ambayo mwaka 2024 ilionyeshwa katika filamu. Mats alizaliwa mwaka 1989 akiwa na maradhi ya Duchenne, yanayodhoofisha misuli hatua kwa hatua. Utotoni alitembea, kisha akaketi katika kiti cha magurudumu, na mwishoni kilichobaki ni nguvu kidogo za vidole. Aliishi katika sehemu yake ya nyumba ya wazazi wake, wahudumu wakimwangalia usiku na mchana, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya saa zake aliitumia ndani ya World of Warcraft. Wazazi wake waliuona mgongo wake na mwanga wa kioo mbele yake. Alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Kifo walikitarajia, maana madaktari walikwisha kuwaambia. Kilichowakata maini ni kudhani kwamba mtoto wao ameondoka duniani bila ya kuujua urafiki, wala kupendwa, wala kumfaa mtu yeyote.

Mats alikuwa amewaachia neno la siri la kuingilia ukurasa wake wa mtandaoni. Baba yake, Robert Steen, aliandika humo tangazo la kifo, akaweka na anwani yake ya barua pepe. Barua zikaanza kuingia. Ilikuwa moja, kisha ya pili, kisha zikafuatana kutoka nchi mbalimbali, ndefu, za watu wanaolia. Wazazi wakafahamu kwamba ndani ya mchezo mtoto wao aliitwa Ibelin, mtu wa kutembea na kukimbia, mwanachama wa kikundi kiitwacho Starlight, na kwamba watu walimwendea na shida zao. Yupo msichana wa Uholanzi aliyenyang'anywa kompyuta na wazazi wake kwa sababu ya masomo. Mats aliwaandikia wazazi wale barua ya kumwombea. Yupo mama wa Denmark aliyekuwa na kijana mwenye usonji, asiyekaribiana naye wala kumkumbatia. Ibelin alimshauri aingie mchezoni amkute mwanawe kule. Akaingia. Wahusika wao wakakumbatiana humo kwanza, na ukaribu wa chumbani ukafuata baadaye. Katika mazishi ya Mats walikuwamo wanachama wa kikundi hicho waliosafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya, watu ambao familia ilikuwa haijawaona hata mara moja.

Inasemekana Mats alitumia kati ya saa 15,000 na 20,000 ndani ya mchezo huo. Wazazi wake walizihesabu kuwa saa za upweke, na walikuwa wakiishi naye chini ya paa moja.

Tungependa kusikia kutoka kwa wasomaji wetu, hasa kina mama ambao watoto wao wana makundi ya namna hii kwenye simu zao. Muulizeni kijana jina la mhusika wake, nani kiongozi wa kundi lao, na siku alipokwama ni nani aliyekuja kumsaidia. Kisha mtuandikie alichojibu. Majibu tutakayoyapata tutayajadili katika ukurasa huu, inshaallah, bila ya kutaja majina.