Mti ulioanguka una mwenyewe

Kila msimu wa mvua za masika hutuletea sentensi moja ambayo nimeisoma katika ripoti za walimu wakuu, nimeisikia barazani kwa chifu, na hata kuikuta katika insha za wanafunzi wangu: "Mti ulianguka ukabomoa jiko la shule." Sarufi yake haina dosari. Kiima kipo, kiarifa kipo, wakati umetajwa. Hata hivyo, wasomaji watakubaliana nami kwamba inaficha mengi kuliko inayoyafichua.

Kitenzi "anguka" ni cha ukoo mmoja na "angua", yaani kushusha tunda kutoka mtini, kama vile "pasuka" ilivyo ya ukoo wa "pasua" na "vunjika" ya ukoo wa "vunja". Kauli hii ya kutendeka hueleza hali iliyokipata kitu bila kumlazimisha msemaji amtaje mtenda. Hilo si kosa la Kiswahili. Kosa ni la msemaji anayejificha nyuma yake. Mwanafunzi akituambia, "Kikombe kimevunjika," sisi walimu humuuliza papo hapo: kimevunjika au umekivunja? Ajabu ni kwamba swali hilo hatuliulizi mti unapobomoa jengo la umma.

Nchi ilipokumbwa na mvua kubwa kati ya Machi na Mei mwaka 2024, mkaratusi uliangukia jiko la shule moja ya msingi isiyo mbali na kwetu. Mabati yalikunjamana kama karatasi, ukuta mmoja ukalala, masufuria ya githeri yakabonyea. Kwa bahati njema ilikuwa usiku wa manane. Lau ingalikuwa saa nne asubuhi, wapishi wawili wangalikuwa humo. Mti huo ulikuwa umeinama tangu mtaro wa maji ulipochimbwa kando yake na mizizi ya upande mmoja ikakatwa. Uyoga ulikuwa umeota shinani, ishara kwamba ndani mna uozo. Mpishi mmoja alilisema jambo hilo mara mbili. Lakini ripoti ilipoandikwa, ilihitimisha kwa maneno matatu: ajali haina kinga.

Mimi siulaumu mkaratusi. Uliletwa nchini mwaka 1902 ili kuni zake zilishe injini za reli, na hadi leo hukua upesi na kutupa nguzo na kuni ambazo shule nyingi hupikia. Kweli, mwaka 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliamuru uondolewe kandokando ya mito kwa sababu ya maji unayoyanywa, na ubishi ukazuka kote nchini. Ila mti wowote uliokatwa mizizi na kusimama katika udongo uliolowa utaanguka, uwe mkaratusi au mvule.

Sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza inaelewa jambo hili kuliko ripoti zetu. Katika kesi ya Noble dhidi ya Harrison ya mwaka 1926, tawi lilivunjika ghafla likaangukia basi lililokuwa likipita barabarani. Mwenye mti hakuhukumiwa kulipa, kwa kuwa kasoro ya tawi lile haikuweza kuonekana kwa ukaguzi wa kawaida. Maana yake ni nini? Ni kwamba pale kasoro inapoonekana, na mwenye mti ameambiwa, kisingizio cha kudura ya Mungu humponyoka.

Halafu mti ukishaanguka hubadilika jina, na jina likibadilika watu nao hubadilika. Ukiwa umesimama ni mti, nao hauna mwenyewe. Ukilala huwa gogo, kesho yake mbao na kuni, na wenyewe hujitokeza kutoka kila pembe! Katika shule niliyoitaja, gogo lilikaa juu ya ukuta majuma mawili huku bodi ya shule, jirani aliyedai mpaka, na mnunuzi wa mbao wakivutana. Watoto walishinda njaa. Vijana nao walikwenda na mapanga kujikatia kuni, bila kujua kwamba tawi lililobanwa na uzito wa gogo hufyatuka kama mtego linapokatwa, na kwamba kisiki kilichong'oka na mizizi yake huweza kusimama tena ghafla gogo linapotenganishwa nacho. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye ujuzi na msumeno wake, baada ya fundi wa umeme kuthibitisha kwamba hakuna waya uliobanwa, na baada ya picha za uharibifu kupigwa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi yetu, na tangu Desemba 2022 tumehimizwa kupanda miche bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Naunga mkono. Lakini tazameni vibao tunavyovisimika: "Mti huu ulipandwa na Mheshimiwa fulani." Hapo mtenda hutajwa kwa herufi kubwa. Kupanda kuna mwenyewe, kuanguka hakuna.

Napendekeza kila muhula mtu mmoja mwenye jina azunguke uwanja wa shule na daftari, aandike ni mti gani umeinama, nani ameambiwa, na tarehe gani. Nao walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi ripoti kama ile, waiandike upya wakiwataja watenda wote, kuanzia aliyechimba mtaro. Jiko lile limejengwa tena kwa michango ya wazazi, na fedha za mbao bado hazijasomwa katika mkutano wowote. Mkaratusi wa pili ungali umesimama hatua chache kutoka hapo, kando ya mtaro ule ule.