Tusiwahukumu Waliotangulia kwa Hiari Tuliyo Nayo Sisi

Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, walisema wahenga. Usemi huu na uwafikie vijana wanaotazama filamu za kale za Marekani, wakamwona mama mweusi kajifunga kitambaa kichwani akimtumikia bibi wa Kizungu, wakamcheka na kumwita kibaraka. Ndugu zangu, hukumu hiyo ina haraka.

Mchukueni mwigizaji Hattie McDaniel. Alizaliwa Kansas mwaka 1893, na baba yake alizaliwa mtumwa. Hollywood ya siku zake ilikuwa na sehemu moja tu, takriban, kwa mwanamke mweusi: mtumishi wa ndani. Aliipokea, akaiigiza kwa ustadi hata mwaka 1940 akapewa tuzo ya Oscar kwa filamu ya Gone with the Wind, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hata hivyo, onyesho la kwanza la filamu hiyo mjini Atlanta hakuruhusiwa kuhudhuria, na usiku wa tuzo aliketishwa meza ya kando, kwa kuwa hoteli ilikofanyika sherehe haikupokea weusi.

Walikuwapo weusi wenzake waliomlaumu, wakiwemo viongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Nao walikuwa na hoja. Picha ya dharau ikirudiwa miaka nenda miaka rudi huaminiwa, na bila shinikizo lao studio zisingegeuka. Lakini mama yule hakuwa mwoga. Majirani Wazungu wa Los Angeles walipokwenda mahakamani kutaka weusi wafukuzwe katika nyumba walizozinunua, yeye alisimama mbele kuwapinga, na mwaka 1945 kesi ile ikatupwa.

Mlango alioupenya kwa kuinama, wengine waliupita wima. Mwaka 1964 Sidney Poitier alipata Oscar ya mwigizaji bora. Miaka mitatu baadaye, katika In the Heat of the Night, alimwigiza mpelelezi mweusi anayezabwa kofi na tajiri Mzungu, naye akalirudisha papo hapo. Mwigizaji Cicely Tyson alizikataa sehemu za kuudhalilisha utu wake, hata kama kukataa kulimkosesha kazi. Na mwigizaji Mo'Nique alipopokea Oscar mwaka 2010, alimshukuru Hattie McDaniel jukwaani kwa yote aliyoyavumilia. Hiyo ndiyo adabu ya nahodha anayewakumbuka mabaharia.

Basi tujifunze mawili. Kabla ya kumhukumu aliyetangulia, tuulize ni milango mingapi iliyokuwa wazi mbele yake. Na wewe mwigizaji kijana wa hapa kwetu, usijifiche nyuma ya mama huyo. Ukipewa sehemu ya kumfanya mtumishi wa ndani au mtu wa shamba kuwa kichekesho, kumbuka kwamba una ulimi wa kukataa na kalamu ya kuandika mchezo ulio bora. Aliyekosa hiari asilaumiwe kwa alichopokea. Mwenye hiari ataulizwa alichochagua.