Asilimia 2 Yetu Hailali Ukunda

Hii posti itanikosesha kazi za kupiga picha mahotelini, lakini wacha niseme. Ushuru wa utalii si mbaya. Kibaya ni nani anaulipa na pesa zinalala wapi.

Mamangu mdogo ana gesti Ukunda. Vyumba sita, feni, chai na mahamri asubuhi. Bahari huioni, unapanda tuktuk. Nilipoacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo, yeye ndiye alinipa chumba na intaneti nikaanza kutengeneza video. Silipi kodi ya nyumba, ila namjazia fomu zake zote. Kwa hivyo hesabu hii sijaisoma mahali, naifanya kila mwezi.

Mgeni akilipa 2,500, shilingi 50 ni za Hazina ya Utalii. Ndiyo ile asilimia 2 iliyo chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Shilingi 75 nyingine ni za KRA, asilimia 3 ya mauzo. Zote mbili zinakatwa kwa pesa iliyoingia, si kwa faida. Yaani hata mwezi wa Mei, mvua inapiga, wageni wanne pekee, maji ya bowser yamekula kila kitu, bado anadaiwa. Hapo sijagusa kibali cha kaunti na leseni zingine.

Sasa njoo mtaa wa pili. Kuna villa ina bwawa la kuogelea, inakodishwa kwa simu, 40,000 kwa usiku. Nimeipiga picha mwenyewe. Nikamuuliza msimamizi kuhusu ile asilimia 2, akacheka: "Kijana, hii ni nyumba ya mtu, si hoteli." Asilimia 2 ya 40,000 ni shilingi 800. Mara 16 ya anachotoa mgeni wa mamangu mdogo. Mwenye kibao nje ndiye anayefuatwa, mwenye geti refu anaachwa. Halafu mnashangaa kwa nini watu hawaweki kibao.

Haya, na hizo 50 zetu zinaenda wapi? Nairobi. Tangu miaka ya 1970 ushuru huu umesaidia kuendesha Chuo cha Utalii kule. Sawa, sina ugomvi na chuo. Huku Pwani tuliahidiwa cha Ronald Ngala, Vipingo, Kilifi, na ujenzi wake umeburutwa zaidi ya miaka 10. Lakini uchafu wa mgeni unabaki Diani. Maji anayooga ni ya Kwale. Barabara ya giza anayoogopa kutembea usiku ni yetu. Na sheria haijaitengea Kwale fungu lolote la hiyo asilimia 2.

Linganisha na Narok. Kiingilio cha Maasai Mara kinakusanywa na kaunti yenyewe, na tangu 2024 mgeni wa nje analipa dola 100, na dola 200 kuanzia Julai. Huku kwetu ukienda Kisite kuona pomboo, kiingilio ni cha KWS. Narok nao wana malalamiko yao kuhusu matumizi, najua. Lakini angalau wanajua mlango wa kwenda kugonga. Sisi tugonge wapi?

Wenye hoteli kubwa wanasema ushuru utawafukuza wageni waende Zanzibar. Zanzibar ipi? Ile ambayo tangu Oktoba 2024 inamlipisha mgeni bima ya dola 44 kabla hajakanyaga mchanga? Amsterdam wanachukua asilimia 12.5 ya bei ya chumba na watu bado wanajaa. Mzungu hakimbii ushuru. Anayehesabu kila mia mbili ni mgeni wetu wa ndani, yule wa Nairobi aliyekuja na watoto watatu Desemba, na huyo analala kwenye gesti ndogo.

Ndiyo maana nasema: msituletee tozo mpya ya kitanda juu ya hizi. Gaweni iliyopo. Nusu ya asilimia 2 inayokusanywa Kwale ibaki Kwale, iwekwe kwa akaunti yake, na kila robo mwaka tubandikiwe hesabu pale ofisi ya wodi: imeingia ngapi, imenunua taa ngapi. Villa zote zisajiliwe. Gesti ya vyumba sita ikatwe kwa faida, si kwa mauzo.

Kaunti haiwezi kufanya hivi peke yake. Ushuru wa Hazina ni sheria ya Bunge, kwa hivyo kazi ni ya Bunge. Kwale tuna wabunge wanne: Msambweni, Matuga, Kinango, Lunga Lunga. Wanakuja Diani kwa mikutano, wanalala vyumba vizuri. Ukikutana na mmoja, usimwombe selfi. Muulize swali moja tu: asilimia 2 ya chumba chako cha jana, mheshimiwa, imelala wapi?